Mzee kwa Siku Tatu

Kwa hesabu ya serikali, mume wangu Manase alikuwa mzee kwa siku tatu tu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kabla ya hapo alikuwa kijana, na baada ya hapo akawa kijana tena. Msicheke. Kitabu kilikuwapo, na aliyekiandika alikuwa na mhuri.

Aliyekiandika ni Eliamini, karani wa baraza letu huku milimani juu ya Same, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Huyo namjua tangu anatambaa. Mimi na mama yake tulichota maji mfereji mmoja, na siku alipozaliwa mimi ndiye niliyekoroga uji wa mzazi. Alisoma madarasa manne, la nne akalirudia, akatoka huko na kaptula ya kaki na kalamu mbili, moja kila sikio. Kalamu mbili za nini, mtu mwenye mkono mmoja wa kuandikia? Na mhuri wake sasa! Kabla ya kuugonga aliupulizia pumzi, haa, akafumba macho kidogo kama anayebariki chakula, ndipo akagonga. Wazee wenye mvi walisimama mbele ya meza yake wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila haya, hata uso hakuinua. Mimi sikumwamkia hata siku moja. Akiniona naingia alijifanya anatafuta kitu sandukuni.

Mfumwa wetu, ndiye chifu, alikuwapo pia, sikatai. Alikaa kwenye kiti chake chenye mto, akasinzia. Kila mbuzi aliyeingia pale, paja moja lilikwenda kwake, na mtu aliyeshiba nyama ya wenzake hana haja ya kusikiliza kesi.

Sheria ya kodi ilikuwa hivi: mwanaume mwenye nguvu alipe, aliyezeeka asamehewe, apewe cheti. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini nani mzee? Sisi hatukuandikwa siku tulipozaliwa. Basi serikali ikamwachia karani akadirie. Eliamini alikadiria kwa utaratibu wake. Alikwambia ufunue kinywa, akahesabu meno. Akakuinua mkono, akachungulia kwapa. Akakuzunguka mara mbili kama mnunuzi mnadani, mtu mzima umesimama tu unazungukwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mifugo nyumbani haijambo?" Ukisema haijambo, na kesho yake ukaleta mmoja wa hao wasiojambo, unazeeka papo hapo. Ukisema huna mifugo, basi wewe kijana, hongera, nenda kalipe.

Nyuma ya nyumba ya baraza kulikuwa na zizi. Kesi zilisikilizwa huku mbuzi wanalia. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa Same, aliwahi kuuliza hao mbuzi ni wa nani, na Eliamini akamjibu kwamba ni vielelezo vya kesi. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Nilikuwapo, nilimwona anaandika.

Sasa Manase. Mume wangu alikuwa anakaribia sabini. Mjerumani alipofikisha reli Same, Manase alikuwa na ndevu tayari na mtoto tayari, na mtoto huyo, Kaanaeli wetu wa kwanza, nilimbeba mgongoni tulipoteremka kwenda kulishangaa gari la moshi. Eliamini alimwandika Manase miaka arobaini na sita. Huyo Kaanaeli, ambaye siku hizo alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga na barua hatumi, alikuwa ameandikwa arobaini. Kwa hiyo mume wangu alizaa akiwa na miaka sita. Nilimwendea Eliamini nikamwonyesha jambo hilo kwa vidole, nikihesabu polepole kama ninavyomhesabia mtoto mjinga. Akaniambia nisisumbuke, Bwana Shauri hasomi mistari miwili kwa pamoja.

Kilichomuuma Manase zaidi si ile arobaini na sita. Ni rika lake. Walitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja, kwenye msitu wa jando tunaouita mshitu, kabla makanisa hayajapanda huku. Wengi wao walikuwa wamekufa, wamebaki watatu. Manase ndiye aliyetangulia kwenye kisu, kwa hiyo ndiye mkubwa wao. Wa pili Simeoni, mwenye kahawa, jirani yetu ng'ambo ya mfereji. Wa tatu Isihaka, aliyehamia Kihurio kulima mpunga, akasilimu huko, lakini shamba la baba yake liko huku na kodi aliandikiwa huku. Simeoni alipeleka mbuzi, akawa na miaka sabini na moja. Isihaka alipandisha gunia la mchele, akawa na sabini. Watu waliotoka kwenye damu siku moja, wawili wazee na mkubwa wao kijana. Simeoni hakuona tabu. Akikutana na Manase njiani alimuuliza kwa kicheko lini ataoa mke wa pili, maana bado damu inachemka. Mnafiki mkubwa yule, na mwaka ule alikuwa mzee wa kanisa.

Mnaweza kusema, si angelipa tu hiyo kodi? Tulikuwa na mbuzi watatu, beberu na majike wawili. Nilimwambia tumuuze beberu, tulipe, tuishi. Maana asiyelipa alichukuliwa Same kuponda mawe ya barabara, miezi miwili juani, kule chini ambako hata mjusi hutafuta kivuli. Mwaka uliotangulia jirani yetu wa upande wa juu, mdogo kwa Manase kwa miaka mingi, alirudishwa kwa machela. Na Manase alikuwa na kikohozi tangu vita vya kwanza vya Mjerumani na Mwingereza, na goti la kulia halikunji. Mwezi mmoja kwenye mawe ungemmaliza. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na naye alilijua.

"Sitoi," aliniambia. "Mjerumani nimemlipa. Mwingereza nimemlipa, na mizigo yake nimembebea mpaka Mahenge. Uzee huu ni wangu. Siwezi kuununua kwa mtoto niliyemwona anatambaa."

Nilimwita mkaidi. Nilimwambia kaburi halina cheti. Akacheka, akamaliza makande yake, akaosha bakuli mwenyewe, jambo analofanya mwanaume akishaamua kitu.

Jumatatu akanieleza alichoamua. Bwana Shauri alikuwa anapanda mlimani Alhamisi kufanya baraza. Manase angesimama mbele yake, na rika lake lingesimama naye, watatu bega kwa bega, aulize ni kisu gani kinachotahiri watu siku moja wakatoka na miaka mbalimbali. Kwa kitabu chenyewe angemfunga Eliamini mdomo. Nikamuuliza, Simeoni na Isihaka watakubalije kusimama, wakati uzee wao wenyewe ni wa wizi? Akasema hawana hiari. Kila aliyetoka mshitu ana jina la kule, jina ambalo hata mkewe halijui. Mwenzako akikuita kwa jina hilo unasimama, hata kama unasimama kwenda kufungwa. Wote wawili alikuwa ameshawaita.

Niliogopa, jamani. Semeni mtakavyosema, lakini niliogopa. Niliwajua makarani. Mtu anayeshika kitabu hawezi kushindwa na mtu anayeshika fimbo. Moyoni nilimwona mume wangu ameshindwa mbele ya watu, kisha amepelekwa Same si kwa kodi tu bali kwa ukorofi. Usiku ule nilimsikiliza anakohoa, nikahesabu vikohozi, na asubuhi nilikuwa nimeshakata shauri. Nilijiona mjanja kupita wanaume wote wa Upare. Nilisema moyoni: Manase akishaandikwa mzee, kesi yake itakuwa imekwisha kabla haijaanza. Nitamwambia jioni kwamba Eliamini amejirudi mwenyewe, ameona aibu. Atanung'unika siku mbili, kisha atakaa nyumbani na cheti chake, hai.

Jumanne mchana, Manase akiwa shambani, nilimfungua beberu nikaenda naye kwa njia ya mgombani, nisikutane na watu. Mimi niliyemdharau kila mwanamke aliyepita na kamba mkononi kuelekea baraza. Susana, mke wa Simeoni, nilikuwa nimemsema mfereji mzima siku alipopita, nikamuuliza kama huyo mbuzi anakwenda kushtaki. Siku hiyo nilikuwa na kamba yangu.

Eliamini hakushangaa. Hilo lilinikera kuliko yote, hakushangaa hata kidogo. Alimshika beberu mgongoni, akapima mafuta kwa kidole gumba, akamfunga zizini kwa mkono wake. Kisha akakaa mezani, akafungua kitabu kikubwa, akatoa kalamu ya sikio la kushoto, akakata ile arobaini na sita na kuandika sabini na nne. Nilimuuliza kwa nini amzidishe, wenzake ni sabini na sabini na moja.

"Beberu mnene, mama," akasema. "Mtu akitoa kizuri naye apewe kizuri."

Nilidai cheti. Akasema cheti kitakuwa tayari Alhamisi, hadi Bwana Shauri atie sahihi. Akaniambia pia kwamba ningekuja mapema tusingesumbuana. Nilitoka pale nikiwa na ladha mbaya mdomoni, lakini sitadanganya, miguu ilikuwa myepesi. Nilimwacha Manase arobaini na sita, narudi namkuta sabini na nne, na mawe ya Same hayamhusu.

Nikafika nyumbani, hayupo. Jembe liko ukutani, blanketi lake halipo kitandani. Nilikwenda kwa Simeoni mbio. Susana akanizuia uani, na hakuficha furaha yake. Akaniambia nirudi nyumbani, wanaume wameshaingia. Ndipo nilipokumbuka, au tuseme ndipo nilipojua, maana mambo ya mshitu mwanamke haambiwi hadi yamwangukie. Rika likienda kusimama pamoja, hulala nyumba moja siku mbili kabla. Hawawaoni wake zao, hawali vyakula vyao, hawapokei salamu zao. Mimi nilidhani ni usiku mmoja, Jumatano tu, na nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ya Jumanne jioni.

Nilimsihi Susana apeleke neno moja tu ndani, kwamba jambo limekwisha. Akasema neno la mke halivuki kizingiti kile hadi Alhamisi, na kwamba yeye si mtu wa kuvunja mila. Susana huyo! Aliyevaa kitambaa cha kanisa na hirizi ndani yake. Jumatano nilirudi tena nikaimba wimbo wa kanisani nje ya ukuta, nikiingiza habari yangu katikati, labda Manase atasikia. Nilisikia wanaume wanacheka ndani. Basi.

Jambo nililokuja kulijua baadaye ni kwamba Simeoni alikuwa amemwendea Eliamini mapema, tangu Jumatatu, akamweleza kesi yote. Jina la mshitu lilimlazimisha asimame. Halikumlazimisha anyamaze. Kwa hiyo nilipoingia na beberu wangu, Eliamini alikuwa amekaa siku nzima anatafuta namna ya kujiokoa, na mimi nikamletea namna hiyo mlangoni, imenona.

Alhamisi baraza lilijaa. Bwana Shauri alikuwa Mzungu kijana, mwekundu, magoti yake yameungua na jua. Watu husema alikuwa mtu mzuri. Labda. Alikuwa mzuri wa kupita njia. Alianza kwa kutuambia kwa Kiswahili chake kwamba amesikia kuna watu huku wanatoa mbuzi kwa watumishi wa serikali. Akasema anayepokea atafungwa na anayetoa atafungwa, mwanaume au mwanamke, miezi sita, Tanga. Eliamini alikuwa amesimama kando yake, anatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyechoka na maovu ya dunia. Nyuma ya nyumba mbuzi walikuwa wanalia.

Nilijaribu kujipenyeza mbele. Tarishi akanisukuma kwa fimbo, wanawake wakae nyuma, wanyamaze.

Manase akasimama. Alivaa koti lake la vita, limefuliwa. Akaita majina mawili ambayo sikuwahi kuyasikia, na Simeoni akasimama, na Isihaka akasimama na kofia yake nyeupe. Wazee wakajiweka sawa pale walipokaa, maana wanajua jambo hilo. Hata mfumwa alifumbua macho. Nilitaka nikamzibe mdomo, na wakati huo huo, Mungu anisamehe, niliona fahari. Alikuwa amenyooka.

Alizungumza Kiswahili chake cha mizigo, kifupi, hakutaka mkalimani. Alisema wao watatu walitoka msitu mmoja siku moja. Yeye alitangulia, wenzake wakafuata. Wenzake serikali imewaita wazee, yeye imemwita kijana. Hajui serikali inahesabuje, lakini anajua kisu hakikungoja miaka ishirini katikati. Akasema kilichowazeesha wenzake kinalia nyuma ya nyumba. Hapo watu wakaguna. Akamwomba Bwana Shauri afungue kitabu, asome mistari mitatu, si miwili.

Bwana Shauri alimtazama Eliamini. Eliamini akafungua kitabu polepole, akamwekea kidole. Mzungu akasoma. Akasoma tena. Uso ulimbadilika ukawa wa mtu aliyechezewa.

"Simeoni sabini na moja. Isihaka sabini," akasema. "Wewe Manase, sabini na nne. Umesamehewa kodi. Wewe mkubwa kuliko wote. Unataka nini zaidi, mzee?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Simeoni. Kisha wakacheka wote, baraza zima, watu waliokuwa wameguna sasa hivi. Watu wa kwetu hucheka na anayeshinda, sijui tumelishwa nini.

Eliamini akasema kwa sauti ya upole kwamba cheti cha mzee kipo tayari, hakuja kukichukua, labda umri umempotezea kumbukumbu. Akaongeza kwamba huenda mkewe anaweza kueleza. Akanitazama juu ya vichwa vya watu. Alitaka nijue kwamba yuko tayari kunitaja.

Manase hakunitazama mimi kwanza. Alikuwa amesimama mahali ambapo, mlango wa nyuma ukiwa wazi, zizi linaonekana. Mbuzi wa ukoo wake hukatwa mapengo mawili sikio la kushoto, na huko Upare mtu anajua sikio la mbuzi wake kuliko uso wa shemeji yake. Nilimwona anaangalia. Nilimwona anamwona. Kisha ndipo akageuka, akanitafuta katikati ya wanawake, akanipata.

Alikuwa na ushahidi pale pale. Angenyoosha mkono tu, yule ni beberu wangu, alama yangu hii, na zizi zima lingechunguzwa, na Eliamini angekwenda Tanga na kalamu zake mbili. Lakini Bwana Shauri angeuliza swali moja, nani alimleta. Na mke wake angekwenda Tanga pamoja na Eliamini.

Mimi, Dina, mwenye mdomo, mimi niliyewasema wanawake wa mfereji mzima, nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Ulimi ulikuwapo, meno yalikuwapo. Nilitazama chini, kwenye vidole vyangu vya miguu.

"Nimesahau, Bwana," Manase akasema. "Karani amesema kweli. Nimezeeka, nasahau."

Isihaka alimshika mkono, lakini Manase akautoa taratibu. Wenzake wakakaa. Yeye akabaki amesimama peke yake, na Bwana Shauri akamhukumu hapo hapo, kwa kumsingizia mtumishi wa serikali mbele ya watu, shilingi thelathini au miezi miwili kwenye mawe ya Same. Akasema anasikitika kwa sababu ya umri. Kisha akaita kesi ya mpaka wa shamba.

Tulirudi nyumbani. Nilipika, akala. Nilitaka anipige, au anitukane, aniite mwanamke mpumbavu, ningejua pa kuanzia. Aliniuliza tu kama majike wamekunywa maji. Nililia hadi nikachoka.

Thelathini hatukuwa nazo. Msimu ule kila mtu alikuwa anauza mbuzi kwa ajili ya kodi, na wanunuzi wa Same walijua, bei walisema wao. Majike wawili wasingefika hata kumi na mbili. Ijumaa asubuhi tukaenda barazani Manase akajisalimishe. Bwana Shauri alikuwa ameshateremka. Mfumwa alikuwa amelala. Alikuwapo Eliamini na meza yake.

Akakuna kichwa. Akasema kuna tatizo. Mzee mwenye msamaha haruhusiwi kupelekwa kwenye mawe, sheria inakataza, askari wa Same watamrudisha na yeye karani ataulizwa. Yaani yeye aliyemzeesha sasa uzee ule ulimkwaza. Nilidhani nimesikia Mungu anasema nasi. Nilidhani basi, itabidi wamwache. Lakini Eliamini alikuwa ameshafikiri. Alisema kuna njia mbili. Tulete wale majike wawili, na karatasi ya faini itapotea, karatasi hupotea. Au Manase arudi kuwa kijana.

"Andika," Manase akasema.

Nilimwambia, baba Kaanaeli, tuwatoe tu hao majike. Nilimshika koti. Nilimwambia mbuzi watazaliwa wengine. Alimwambia Eliamini tena, "Andika."

Eliamini akatoa kalamu, akakata sabini na nne. Kisha akasita, akaiweka chini. Alisema mstari huo umekatwa mara mbili katika wiki moja, si vizuri, mtu akikagua ataona vibaya. Lazima awepo shahidi wa nyumbani aseme umri wa kweli na kuweka dole. Akakigeuza kitabu kikanielekea, akasogeza kijaluba cha wino.

"Mama, wewe ndiye mkewe. Mumeo ana umri gani?"

Nilimuuliza itakuwaje nikikataa. Akasema hapo hatakuwa na budi kumwandikia Bwana Shauri aeleze kwa nini Jumanne alimzeesha mtu, na nani alikuja na nini. Alisema atasikitika sana. Na kwa jinsi alivyonitazama, kijana niliyemkorogea mama yake uji, niliona kweli anajiona mtu mwema.

Niwaambie sasa, mjue nilikuwa natia dole kwenye nini. Manase alifanya kazi kwenye mawe wiki tano. Mara mbili niliteremka na makande, akanipokea vizuri, akaniuliza habari za mfereji. Wiki ya sita walimpandisha kwa machela, watu wanne, na hao watu wanne niliwalipa kwa jike mmoja. Alikufa kabla maharage hayajakauka. Simeoni alihubiri kwenye mazishi. Eliamini alikuja na kitabu, akakata jina, na kwenye kitabu mume wangu alikufa na miaka arobaini na sita, mwanawe akiwa na arobaini.

Lakini asubuhi ile ya Ijumaa alikuwa bado amesimama karibu yangu, nasikia pumzi zake, na lile goti lisilokunja ameliegemeza mezani. Hakuna aliyenishika mkono.

"Weka dole, Mama Kaanaeli," Manase akasema. "Jua linapanda, na Same ni mbali."

Nikasema arobaini na sita. Nikachovya dole kwenye wino, nikaliweka pale aliponionyesha. Eliamini akaniuliza, kwa sababu utaratibu ndivyo unavyotaka, kama nina uhakika.

Nikasema ninao.